Meza Haibebi Uma na Uma

Ožbej ameulaza uma wa baiskeli yake
juu ya meza ninayokandia unga.
Chini yake gazeti la Jumapili,
na gazetini oili imetanda, nyeusi kama kahawa ya jana,
imemfunika waziri fulani mpaka kidevuni.
Uma wa kulia chakula nimeurudisha kabatini.
Yeye hali, mimi sili,
sote tunangoja sili.

Zile kuukuu amezing'oa kwa mpini wa kijiko
(kijiko cha mama yangu, lakini tuyaache).
Mdomo wa mpira umekauka, umepasuka
kama kisigino kisichojua mafuta.
Misimu mitatu ya matope ya mlima Peca
imepita hapo ikikwangua,
na pete ya sponji, iliyopaswa kunywa oili,
imekunywa mchanga.

Mwaka jana aliagiza kwa macho.
"Thelathini na tano," alisema, kwa sauti ya mtu aliyepima.
Uma ni thelathini na nne.
Milimita moja! Unene wa ukucha,
na oili ikatiririka njia nzima
toka kanisa la juu mpaka mlangoni kwetu;
paka akaifuata, akanusa, akadharau.

Safari hii kalipa naishika mimi.
Miaka thelathini nilishona makoti ya wachimbaji,
nawajua wanaume wanaojitajia kipimo chao.
Nabana chuma mahali patatu:
thelathini na nne, thelathini na nne,
thelathini na nne.
Haya. Andika.

Sasa, ziko za aina mbili.
Nyeusi, za kiwandani: zimebana,
vumbi likibisha haliitikiwi.
Lakini hukikamata chuma, na uma husita
kabla ya kulikubali jiwe dogo.
Za kijani ni laini, chuma hupita
kama uzi uliolambwa upitavyo tundu la sindano,
ila bei yake imesimama, na kwa matope hazina ukali;
kila baada ya wiki chache ufungue, ufute, upake grisi.

"Nyeusi," anasema Ožbej. "Mimi mchafu. Njia zangu nazijua."
Duka la Slovenj Gradec linafungwa saa kumi na mbili.

Naitazama mikono yake.
Miaka ishirini na sita ilishika keekee ya mgodi,
ikitoboa mwamba kutafuta risasi,
si ya bunduki, ile ya bomba na betri.
Mgodi ukafungwa. Mtetemo haukufungwa.
Asubuhi za baridi vidole vitatu vya kushoto
hugeuka vyeupe kama mshumaa,
na vifungo vya shati namfungia mimi,
jambo ambalo halitoki nje ya chumba.
Akirudi kutoka mlimani namuuliza: uma umeuma?
Haukuuma, anasema.
Kisha kijiko kinamponyoka kwenye supu.

Jiwe dogo. Ndilo hilo.
Kubwa, uma hulimeza;
dogo hukuta sili inasita,
hupanda usukani,
huingia kwenye vidole visivyo na pa kulipeleka.

Napiga simu mwenyewe.
"Neža, niwekee za kijani. Thelathini na nne.
Na pete za sponji, mpya."
"Zile zinadai usafi," ananionya.
"Najua kuosha," nasema.

Ožbej amekunja uso. Kijani! Rangi ya chura!
Haulizi kwa nini, nami simwambii.
Anakipangusa chuma kwa kitambaa,
polepole, toka juu mpaka chini,
akitafuta mkwaruzo kwa ukucha wa kidole cha kulia,
kile ambacho bado kinasikia.