Tarakimu ya Mwisho

Kizuri chajiuza, wanasema.
Basi niliketi nyuma ya meza siku tisa
nikingoja kizuri changu kijiuze.
Nje mvua ya Vigo ilipiga kama ilivyozoea,
mvua ya ubavuni, inayoingia masikioni,
na upepo wa bandarini ukipanda ngazi za mtaa
ukivunja miavuli kama mtu avunjaye kuni.

Mimi natengeneza miavuli.
Hakuna aliyejua.

Kodi nilishalipa, ya miezi miwili.
Koleo, waya, uzi wa nailoni, taa.
Ndani ya kopo la biskuti zilibaki
yuro arobaini na tatu na senti zinazonata.
Mpiga chapa alinitajia mia moja na themanini
kwa vipeperushi elfu.
Nikamwambia nitafikiri.
Alijua, nami nilijua,
kwamba nimeshafikiri.

Siku ya kumi, dhoruba ilipokwisha,
nilitoka alfajiri na kitoroli cha sokoni.
Kila pipa la taka lilikuwa na maiti zake,
vichwa chini, mbavu nje,
kama popo waliogombana.
Nikaokota thelathini na mmoja.
Usiku tatu mfululizo nikanyoosha, nikaunga, nikashona.
Dada yangu Carme akachungulia dirishani:
"Umefungua duka, au nyumba ya mayatima?"

Maboksi ya nafaka niliyakata kadi,
nikaandika kwa mkono, kwa kalamu ya wino usiotoka
(yuro mbili na senti kumi,
na hiyo ndiyo bajeti yote ya matangazo):

*Nilitupwa. Nimepona. Nichukue.
Ukikauka, nirudishe,
au niletee mgonjwa mwingine.
Sabela*, na namba ya simu.

Nikaitundika vituo vya basi,
mlangoni pa zahanati, kwenye uzio wa shule.
Kufika saa nne asubuhi haukubaki hata mmoja.

Simu yangu ikanyamaza.
Siku moja. Mbili.
Nikaitikisa.
Nikaenda kwa jirani muuza nyama, nikajipigia:
ikaita vizuri, kwa sauti ya kunicheka.

Siku ya nne akaingia bibi wa koti la kijani,
viatu vinatoa maji, hasira imemtangulia ngazini.
"Wewe ndiye Sabela?
Hebu nisomee. Hii ni saba, au ni moja?"

Ilikuwa saba.
Lakini usingizi ulinishika kalamu,
nikaiacha bila ule mkato wake wa katikati.
Kadi thelathini na moja,
saba thelathini na moja zisizo na mkanda.

"Mimi ndiye moja," akasema. "Naitwa Dorinda.
Watu ishirini na wawili wamenipigia.
Mwingine saa tano usiku,
mwavuli wa marehemu mkewe, mpini wa mfupa.
Nilikaa naye kwenye simu mpaka saa nane."

Nikafungua mdomo kuomba radhi.
Yeye akafungua mkoba, akatoa daftari:
majina, rangi, idadi ya mbavu zilizovunjika,
kwa mwandiko wa mtu aliyewahi kufanya kazi posta.
"Nimewaahidi Alhamisi. Utaweza Alhamisi?
Na bei nimesema yuro sita. Nilikisia tu."

Mimi nilikuwa nimepanga tano.

Alhamisi walikuja kumi na wanne.
Wanane hawakuonekana.
Yule wa mpini wa mfupa alifika wa kwanza,
akamuulizia Dorinda, si mimi.

Ile methali ina mkia: kibaya chajitembeza.
Nami sibishi tena.
Kizuri changu kilikaa siku tisa juu ya kiti;
saba yangu mbovu ndiyo iliyopanda ngazi za watu,
ikagonga, ikapokewa, ikaandikiwa daftari.

Miavuli mingi ya bure haijarudi.
Huwa nauona mmoja, wa madoadoa, njia ya sokoni,
mbavu ya tatu nimeiunga mimi.
Aliyeubeba hanijui.

Nimenunua kalamu nyingine.
Saba bado naandika bila mkato.
Dorinda amekataza niiguse.