Mita Kumi kwa Kumi

Kila siku ya tano chombo hupita juu yetu
bila hodi, bila kivuli,
na asubuhi, ofisini Naryn, jiko la makaa likiwa bado halijashika,
nafungua kompyuta, na bonde lote la Saribulak linanijia mezani:
theluji yake, makorongo yake, vijito vyake vyembamba kama mishipa ya mkono,
mpaka pale vinapokutana na kuitwa mto.

Watu hudhani naona watu.
Naona nukta,
na kila nukta ni mita kumi kwa kumi:
humo hutosha nyumba, zizi na ugomvi wa ndugu wawili,
vyote vikapewa rangi moja.

Jani lenye afya hurudisha mwanga tusiouona;
mimi huupaka wekundu ili macho yangu yaamini.
Kwa hiyo, kwangu, uhai ni mwekundu,
kiu ni kijivu,
na mwaka huu, theluji ilipokwisha mapema migongoni mwa milima,
Julai nzima Saribulak ilikuwa majivu.

Isipokuwa kipande kimoja.
Chini ya mfereji mkuu, baada ya kona,
nukta kumi na mbili, nyekundu kama ulimi.

Kerimkul, mwenye kugawa zamu za maji, alinipigia simu:
"Kijiji cha chini kimekosa zamu mara tatu. Wanachota tope.
Nitajie mwizi, wewe uliye na jicho huko juu."

Nilikijua kile kipande.
Nilikipalilia nikiwa na miaka saba.
Ni viazi vya mama yangu, Burulkan.

Ningeweza kusema wingu.
Wingu ni udhuru usiohojiwa na mtu:
siku ile kulitanda, Kerimkul, subiri siku tano.
Na siku tano, kwa kiazi, ni kunenepa.

Jumamosi nilikwenda nyumbani.
Mama akanimiminia chai ya maziwa na chumvi,
akamenya kiazi cha moto, akanipa kile kikubwa.
"Hicho chombo chenu," akauliza, macho kwenye kisu, "huona usiku?"
"Hapana, mama. Chataka jua."
Akatabasamu kidogo.
"Lakini maji hayana siri.
Ukiyafungulia usiku, asubuhi jani huyasema."

Kisu kikasimama.
"Baba yako aliuchimba ule mfereji," akasema. "Kwa sururu.
Mimi ndiye niliyempelekea mkate."
Sikuwa na ramani ya kujibu hilo.

Usiku nilisikia mlango ukilia.
Nikajua anakwenda kufungulia maji, nikajifunika blanketi hadi utosini,
mimi, mwenye kazi ya kuona.

Kumbe alikwenda kwa Kerimkul.
Alimwekea mezani kipande cha nondo, kile alichoinulia lango,
akageuka bila neno.
Kerimkul mwenyewe ndiye aliyeniambia, wiki iliyofuata,
na jina la mwizi hakuliuliza tena.

Chombo kikapita mara mbili.
Nukta kumi na mbili zikafifia kama kovu.
Kule chini, kandokando ya mfereji,
nukta tatu zikaona haya:
wekundu haujafika, waridi tu.

Septemba mama alinitumia gunia.
Viazi vidogo, kama vidole gumba.
Nilivichemsha vyote siku moja,
nikavila na maganda yake.