Sabini kwa Sabini

Ekari moja Mpunguzi ni hatua sabini kwa sabini,
lakini hatua za nani?
Dalali Chilongani ana miguu ya korongo.
Alikwisha vua viatu, akakunja suruali,
akanikonyeza: mimi ndiye mnunuzi,
kila unyayo wake mrefu ni faida yangu.

Mama Sechelela akamzibia njia kwa jembe.
“Shamba nimelilima kwa miguu yangu,
litapimwa kwa miguu yangu.”
Miguu yenyewe mifupi, visigino vimepasuka
kama mbuga ya Bahi mwezi wa Oktoba.

Mjumbe akakuna kidevu. Jua halikungoja uamuzi.
Kiinua mgongo changu, miaka thelathini na moja
ya kuchoma sindano wodi ya watoto,
kilikuwa kwenye fundo la kanga, kinanifukuta tumboni.

Mwishowe tulipima wawili,
bega kwa bega kutoka kwenye mnyaa wa mpaka,
mimi nikifupisha, yeye akirefusha,
kama watu waliobeba machela.

Moja. Mbili. Udongo mwekundu unapenya vidoleni.
Ishirini na tisa: “Hapa karanga hutoka tupu. Jaribu zabibu.”
Arobaini: kichuguu.
Tulikizunguka, tukabishana kama nacho kinahesabika,
nikapoteza hesabu.
Yeye hakupoteza. “Hamsini na tatu,
hapa ndipo Nyemo alisimama dede.
Hamsini na nne.”

Kabla ya muhuri nilionja maji ya kisima:
chumvi kidogo, kama jasho la mdomo wa juu.
Mtendaji akaandika, akapuliza wino,
akakata fungu la kijiji.
Mama Sechelela akaweka dole gumba,
akalipangusia ukutani mwa ofisi,
kisha akazihesabu noti mara mbili
kwa sauti ileile ya shambani.

Huu msimu wa tatu. Mizabibu imeshika waya.
Nyumba imefika kwenye linta, ikagoma,
saruji imepanda, na mimi sina wodi tena.
Jioni nikizunguka mpaka
midomo huanza kuhesabu bila ruhusa yangu.
Mwaka wa kwanza, peke yangu,
niliufikia mnyaa wa pili kwa sitini na tatu.
Jana, sabini na moja.
Sijui ni magoti,
au shamba linajinyoosha.