Viunza Sita

Alhamisi, saa nne kasorobo, simu ya kamati ililia.
Ujumbe wa Kiswahili sanifu, hata nukta zimekaa mahali pake:
"Mlingotini, eneo la tatu. Miti sita haipo.
Toa maelezo ndani ya saa sabini na mbili."

Mimi ndiye karani. Daftari langu lina jalada la twiga
na tone la mchuzi kwenye ukurasa wa mapato.
Nikavua viatu, nikashuka matopeni kuhesabu.
Sita kweli.
Visiki vyekundu kama ufizi, bado vinatoka maji.

Jicho hilo liko juu, sijui maili ngapi,
linapita kila baada ya siku tano na halibishi hodi.
Linaiona Mlingotini, linaiona Rufiji,
linaona mikoko ya watu nisiowajua hata salamu yao,
na sote tunaandikiwa barua moja.
Kijana wa mradi, Athanas, alitwambia kwenye semina:
"Dunia itakuwa na serikali moja, ndugu zangu,
wala haitataka askari. Itataka hesabu tu."
Tukapiga makofi. Palikuwa na soda.

Nisimseme vibaya.
Mwaka juzi tajiri wa chumvi alifyeka ekari nne usiku.
Diwani hakuona. Mgambo hakuona.
Mimi niliona, nikameza, maana nina deni dukani kwake.
Jicho halikopi unga.
Siku ya saba mashine zake zikazimwa,
na aliyeamuru zizimwe sijui analala nchi gani.
Nilifurahi.
Usiku nikakaa kitandani, nikaiogopa furaha yangu.

Babu wa babu yangu alihesabiwa na Mdachi,
yeye na kibanda chake, risiti ikatoka Boma, pale mjini.
Lakini yule mhesabuji alikuwa na jina la kulaani,
na homa ilimtetemesha kama inavyotutetemesha sisi.

Nani kakata? Nilijua kabla sijafika kwa Bi Sihaba.
Jumanne tulimzika mumewe, Mkali bin Shomari.
Mbao za mjini bei juu, na maiti haingoji bei ishuke.
Wanawe wakashuka na shoka maji yalipokupwa.
Vile viunza nilivipokea mwenyewe, nimesimama kaburini,
kimoja, kimoja, nikavipanga juu ya mwanandani,
nikaziba nyufa kwa udongo.

Sasa fomu ii mkononi.
Sababu ya kukata: A, kuni. B, ujenzi. C, biashara. D, moto.
Nikateremsha kidole, nikapandisha.
Hakuna E.

Kikao chetu kingemwita.
Angekuja na kanga zake za eda, au tungemfuata sisi,
angeanza kusema, angekatika, angeanza tena,
na hapana ambaye angetazama saa.
Mwisho tungemwambia: wanao wapande miche sita.
Labda kumi na miwili, kwa ajili ya kaa walao machipukizi.
Hiyo nayo ni serikali,
ingawa ya salamu nyingi, na kwa tajiri ilifumba macho.

Nikabonyeza B. Ujenzi.
Kwani ile si nyumba?

Jibu likarudi kabla sijaishusha simu:
"Asante. Imepokelewa."
Nani kapokea, halikusema.