Mzigo Mfu, Mzigo Hai

Tangi limefika kabla ya hesabu.
Vijana wawili wamelipitisha vichochoroni Langoni
likiwa tupu, likikwaruza kuta za pande zote mbili,
na kaka yangu Famau nyuma yao, simu sikioni,
akiniambia mimi niliye mbele yake:
"Lita elfu. Jioni liwe juu."

Nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta wenyewe,
nyuma ya kalenda ya mwaka jana, ya duka la saruji.
Ng'ambo ya chumba ni mawe na chokaa, hakuna maneno.
Huku ni mbao: nguzo saba, mbili kwa nne,
sentimita sitini toka hii hadi hii,
kimo mita mbili na sabini.
Baba aliusimamisha mawe yalipoporomoka,
mvua za mwaka niliozaliwa.

Chuoni walitufundisha kutenga:
mzigo mfu, mzigo hai.
Mfu ni ule usioondoka, sakafu, boriti, misumari,
kilo hamsini kila mita ya mraba.
Hai ni wapandao na kushuka,
mia na hamsini, pamoja na vitanda vyao.
Nusu ya sakafu yaegemea mawe, nusu yaegemea huku,
mita tano za mraba na kidogo.
Mia mbili hamsini na mbili.
Mia saba hamsini na sita.
Tangi na maji yake, elfu moja na arobaini.
Jumla elfu mbili, arobaini na nane.

Baba mlangoni, patasi mkononi.
"Umeliandika sanduku la mamako?"
"Nimeliandika."
"Ni hai au mfu?"

Kalamu ikakaa hewani.
Halijasogezwa tangu Rajabu.

"Na mimi je? Kila alasiri niko yuu."
"Umo, baba. Umo ndani ya mia na hamsini."

Nguzo ndefu nyembamba haifi kwa kupondwa.
Hupinda kwanza, ubavuni,
kama mtu atafutaye pa kukaa.
Kikomo cha hizi ni mia tatu na thelathini kila moja,
tahadhari nimeshaitoa, mara tatu.
Gawa kwa saba: mia mbili tisini na tatu.
"Basi inatosha," Famau ameshawaita vijana.

Baba hakusema kitu.
Akabisha kwa kifundo cha kidole, kama mgeni.
Ngo.
Ngo.
Ngo. Ngo.
Ya tano ikajibu: pu.

Mchwa. Na si wa jana, wamekwisha kuhama.
Gawa kwa sita: mia tatu arobaini na moja.
"Kilo kumi na moja tu!" Famau acheka.
"Huo si hata uzito wa mtoto."
Ni uzito wa mtoto.

Tangu lini sita zabeba ya saba?
Matanga ya mama watu walijaa juu hadi ngazini,
nasi chini twapakua wali.
Hakuna aliyelalamika
ila dirisha, lililoanza kukataa komeo
tukalilaumu chumvi.

Baba akapima kwa shubiri, akakata vipande vya mbao,
akavikaza kati ya nguzo na nguzo, nusu ya kimo.
Hivyo havibebi kitu. Havigusi sakafu wala dari.
Kazi yavyo ni kuizuia kila moja isipinde peke yake,
na kwa hilo tu, kwenye karatasi,
nguvu ya nguzo hupanda mara nne upande ule dhaifu.
Nilirudia hesabu mara mbili, sikuamini.

"Na hii ya tano, tuing'oe?" Famau, nyundo tayari.
Baba akaitazama.
Kwenye msumari wake wa juu leso ingali imetundikwa,
pindo limefifia upande wa jua.

"Usiihesabu," akaniambia. "Iwache."

Nikaandika sifuri mbele ya tano.
Tangi likapandishwa, tupu, kamba mbili.
Maji tutayatia kesho, nusu kwanza.