Usinijibu

Walionipigia Machi walisema ni serikali.
Sauti ya kijana, laini, ya mtu aliyekwisha kunywa chai:
"Mama Kalunde wa asali, Isevya?
Leseni yako ina dosari kwenye mfumo.
Nitajie tarakimu sita zilizoingia sasa hivi, tukuepushie faini."
Faini. Neno hilo ndilo lililonishika mkono.
Nikataja, moja baada ya nyingine,
kama mtoto anayeonyesha wageni kwamba anajua kuhesabu.

Laki nane na arobaini.
Hela ya madumu saba kutoka Sikonge,
ambayo mzee Mlekwa bado ananidai,
naye hasemi; anapita dukani, anasalimia,
anatazama rafu.
Afadhali angetukana.

Kwa hiyo ulipoingia ujumbe mwezi wa nane,
"Serikali inawaalika wafanyabiashara wadogo,
msaada wa usalama wa mtandao, bure, ukumbi wa manispaa,"
nilicheka peke yangu mpaka mteja akaweka chupa chini.
Bure! Mwizi amerudi kuchukua na kifuniko.

Sikubonyeza. Sikujibu.
Nilifunga duka, nikavaa viatu vya kanisani,
nikatembea na vumbi la Agosti hadi manispaa,
nikamwonyesha mlinzi getini: "Huu ni wenu?"
Mlinzi akaita karani. Karani akaita ofisa.
Ofisa alikuwa chini ya meza akitafuta soketi inayofanya kazi.
Akatoka na utando wa buibui kichwani.
"Ni wetu, mama. Umekuja kwa miguu kuuliza tu?"
"Ndiyo."
"Basi kaa mbele."

Tulikuwa kumi na tisa.
Fundi cherehani wa Ng'ambo, muuza vipuri vya baiskeli,
Nyanzala mama lishe, mtoto mgongoni,
mawakala wawili wa pesa waliokaa mbalimbali kama wake wenza.
Wengine tulibeba risiti za kodi,
maana serikali ikikuita hujui itaanzia wapi.

Hakuuliza kodi. Aliuliza:
"Nani ana neno la siri ambalo ni mwaka wake wa kuzaliwa?"
Mikono ikapanda.
"Jina la mtoto wa kwanza?"
Ikapanda mingine, na wangu.
Kisha akamgeukia muuza vipuri,
kwa upole uleule wa sauti ya Machi:
"Na lako, baba, ni lipi?"
"Swala mo..."
"Usinijibu!"
Akapiga meza, projekta ikazimika,
mtoto wa Nyanzala akaangua kilio.
Hatukucheka. Kila mmoja alikuwa na jibu lake ulimini.

Baba yangu alikuwa mrina.
Alisema nyuki wa mlangoni hawaulizi jina,
jina kila mpitaji anaweza kulitaja.
Wananusa.
Na nyegere, alisema, hagombani na walinzi:
anawageuzia mgongo, anawapa harufu yake hadi walewe,
ndipo anaingiza mkono.
Faini, nafikiri sasa, ndiyo ilikuwa ile harufu.

Hela haikurudi, nisidanganye.
Dawati la polisi lilipokea maelezo yangu, kurasa mbili,
na ofisa alinisaidia kupanga tarehe.
Simu yangu ameiwekea mlango wa pili.
Ameniandikia namba ya ofisi kwenye kipande cha boksi,
akasema: "Akikupigia mtu akidai ni mimi, kata,
uje kwa miguu, kama ulivyokuja."

Mzee Mlekwa nimemlipa dumu la tatu.
Jana alikaa kidogo, akaulizia mvua.

Neno langu jipya nimelitoa kwenye kitu
baba alichokuwa akiuambia mzinga kabla ya kuushusha,
kwa Kinyamwezi, na kosa moja la makusudi.
Mwanangu ameuliza. Mume wangu ameuliza.
Na wewe unayesoma hapa,
naona umeshainamisha sikio.