Mbegu ya Papai

Nilizaliwa Maji ya Chai,
jina lisilohitaji kuelezwa.
Mto unashuka kutoka Meru na rangi ya majani yaliyochemka,
na sisi tuliounywa
tukaota meno ya kufanana nao.
Ndiyo maana kwenye picha ya harusi yangu
bibi harusi amefunga mdomo
kama mtu aliyekabidhiwa siri ya serikali.

Sasa Nsia, miaka minne na miezi miwili,
anaamka saa nane usiku kashika shavu.
Natafuta tochi. Naona:
jino la mbele limetoboka,
na gego la chini nalo limeanza.
Ni mimi. Ni chai ya maziwa, sukari vijiko vitatu,
ni biskuti za kumnyamazisha kanisani,
ni usingizi wangu uliotangulia mswaki wake.
Mama mkwe anasema, ling'oeni, la utoto hilo.
Jirani anasema, subirini, litaanguka lenyewe.
Jino nalo linasema, usiku kucha.

Mimi nakumbuka mashine,
mwaka wa mtihani wa darasa la saba,
ilivyosaga mahindi ndani ya fuvu langu.
Na kabla ya hapo namkumbuka Ndeoya, mdogo wangu,
kichanga mwenye homa,
na mama mmoja aliyeitwa amtoe "meno ya plastiki"
kwa spoku ya baiskeli.
Hakukuwa na mtu mbaya mle chumbani.
Walimpenda. Walimshika vizuri.

Kwa hiyo nilipompakata Nsia
pale kliniki ya Usa River,
nilimshika vizuri, nikajiogopa.

Tabibu Mnzava hakuwasha kitu.
Alimpaka mtoto mafuta ya mgando midomoni,
akalikausha jino kwa pamba,
akafungua kichupa kidogo kuliko cha wanja.
"Ni fedha," alisema, "na floraidi."
"Floraidi?" Mkono wangu ulikwisha fika mdomoni.
Akanitazama, akajua nimetoka wapi.
"Ileile. Wewe ulikunywa mto mzima.
Yeye ni tone, na ninayepima ni mimi."
Kisha, bila kuzunguka:
"Litaacha kuoza. Ila litakuwa jeusi,
na weusi hautoki mpaka jino litoke.
Gego tutalivalisha kofia ya chuma siku nyingine,
nalo hatulichimbi.
Ukikubali, nipake. Usipokubali, tuzungumze."

Jeusi.
Nikahesabu picha zote atakazopigwa
kabla jino halijarushwa juu ya bati.
Nikahesabu pia saa nane zote za usiku.
Nikasema, paka.

Dakika moja. Nsia alihesabu vifungo vya koti la tabibu,
vikaisha, akavirudia.
Uso aliukunja mara moja tu:
"Mama, ina ladha ya funguo."
Hakuna aliyelia. Labda mimi, kidogo.

Siku chache baadaye, mbele ya kioo cha kabati,
alipanua mdomo wote:
"Mbegu ya papai!"
Akawaonyesha kuku, akamwonyesha muuza maziwa,
akamwonyesha bibi yake, aliyeguna, kisha akaangalia tena.
Usiku akalala. Saa nane niliamka mimi, kwa mazoea,
nikakaa kitandani sina kazi.

Jumapili tulikuwa tunamenya ndizi za mtori.
Sikumbuki nilicheka nini.
Mkono ulipanda wenyewe mdomoni
kama ulivyopanda miaka ishirini.
Nsia akanitazama kwa makini.
Akacheka na yeye,
akapandisha kiganja chake chenye utomvu,
akafunika mbegu.

Niliushusha wangu.
Polepole, isije ikawa amri.
Nikamwonyesha yote, ya juu na ya chini.
Alisogea karibu mpaka pumzi yake ikanigusa,
mkono ameusahau kwenye ndizi,
akachungulia kama anayechagua sokoni.
"Na haya yako," akauliza, "ni mbegu za nini?"